Mama wa miaka 76 kaletewa mialiko 3 ya chanjo kwa mpigo, aanze na upi? (England)

BintiMakunduchi

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Naomba anayeujua mfumo wa hapa England anifungulie fundo hili.

Mama ana miaka 76 kwa pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari 1949, ile ya kukadiriwa kama walivyo wazee wetu wengi. Anameza warfarini, ile ya kuzuia damu isigande, na dawa za presha. Kiingereza hakipandi. Mwezi huu wa Oktoba 2025 imeingia barua ya NHS (huduma ya afya ya taifa) inayomwalika chanjo ya mafua na ya korona, meseji ya GP (zahanati ya daktari wake) inayomtaka apige simu kuhusu shingles, na meseji nyingine ya RSV yenye linki ya kubonyeza. Katikati ya Desemba anaondoka kwenda Unguja, atarudi mwisho wa Machi.

Nataka kujua kila moja ni ya nini, na kama zinaweza kuchomwa siku moja. Halafu nani apigiwe simu kwa ipi? GP akiulizwa anasema "hiyo si yetu", famasi nao wanasema hivyohivyo. Na warfarini je, si kizuizi?

Mchanjaji_CV

Marahaba. Kwanza hilo neno "mwaliko" lisiwapoteze. Barua inatolewa na kompyuta iliyopitia orodha za GP, ikaangalia umri na maradhi, basi. Haki ya kuchanjwa haitokani na barua, inatokana na umri. Mzee aliyefika umri na hakupata barua anaweza kuomba mwenyewe. Na aliyepata barua mbili za kitu kimoja hachanjwi mara mbili. Akikataa pia hakuna wa kumlazimisha, ila akatae akijua anachokikataa.

Mafua ni ya kila mwaka kwa waliotimiza 65. Wazee huuliza mbona ndui walichanjwa zamani wakabaki na kovu la maisha, hii ya kila mwaka ya nini? Ni kwa sababu kirusi cha mafua kinabadilika. Kila Februari WHO hupendekeza aina za kuwekwa kwenye chanjo ya msimu unaofuata huku kaskazini. Wajawazito na watoto walianza 1 Septemba, wazee 1 Oktoba, na hapo hakuna ubaguzi: kinga ya sindano hii kwa mtu mzima hulegea baada ya miezi michache, na akichomwa mapema mno itakuwa imechoka wakati mafua yanapopamba moto Desemba na Januari. Jambo jingine watu hawalijui: chanjo ya waliofika 65 si ile ya vijana. Yao ama ina kichocheo cha kuamsha kinga, ama ina dozi kubwa zaidi, ama ni ile inayotengenezwa bila yai. Famasi yenye foleni inaweza kushika boksi lisilo lake. Uliza kabla sindano haijafunguliwa: "Hii ni ya miaka 65 na kuendelea?"

Korona: msimu huu wa 2025/26 umri umepandishwa hadi 75, pamoja na wanaoishi kwenye makao ya wazee na wale ambao kinga yao imedhoofishwa na maradhi au dawa. Mwaka jana ilikuwa 65. Ndiyo sababu mzee wa miaka 70 aliyechanjwa mwaka jana anasubiri barua ambayo haiji. Zoezi linafungwa 31 Januari 2026. Awe amepitisha angalau miezi 3 tangu dozi yake ya mwisho.

RSV ni kirusi cha njia ya hewa. Kijana kinampa kamasi na kikohozi tu, mzee kinaweza kumshusha hadi nimonia. Chanjo yake ilianza England 1 Septemba 2024 kwa wanaotimiza 75, na waliokuwa tayari kati ya 75 na 79 wakapewa nafasi ya kuchanjwa pia. Ni sindano moja, si ya kila mwaka.

Shingles ndiyo mkanda wa jeshi. Chanjo inayotumika sasa inaitwa Shingrix, ni dozi 2, na kwa mtu ambaye kinga yake ni ya kawaida zinaachana miezi 6 hadi 12. Mama yuko kwenye kundi la 70 hadi 79, kwa hiyo haki yake ipo mpaka atimize 80. Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea: dozi ya kwanza huitwa kwa meseji na barua, ya pili mara nyingi haikumbushwi na mtu. Siku ya dozi ya kwanza usitoke chumbani bila tarehe ya pili imeandikwa. Ikichelewa hata kupita miezi 12, haianzwi upya, inaendelezwa.

Kuna na ya 5 ambayo hujaitaja: pneumokoko, ile ya nimonia, kwa waliotimiza 65. Kwa wengi ni mara moja tu. Muulize nesi kama imo kwenye rekodi yake.

Sasa kwa nini kila mtu anasema "si yetu". Mafua na korona zinapangwa kitaifa: unaweka miadi kwenye tovuti ya NHS, kwenye app yao, au kwa kupiga 119, simu ya bure, na unaweza kuomba mkalimani hapohapo kwenye simu. Zinachomwa famasi nyingi, na GP wengi wanachoma pia. RSV na mkanda wa jeshi kwa kawaida ni kazi ya GP, ingawa maeneo mengine yana famasi zinazochoma RSV. Kwa hiyo barua peleka 119 au famasi, meseji mbili zirudishe kwa GP.

Kuhusu siku moja: mafua na korona pamoja, hakuna tatizo, mkono huu na mkono ule. Zikichomwa mkono mmoja, ziachane angalau sentimita 2.5. Mkanda wa jeshi unaweza kuchomwa pamoja na mafua, lakini kwa mzee dhaifu mimi huzitenganisha, maana Shingrix ina kishindo chake na hujui homa imetoka wapi. RSV ndiyo isiyopangwa siku moja na mafua wala korona kwa wazee, kwa kuwa zikienda pamoja mwili huonekana kujenga kinga pungufu. Hakuna idadi ya siku iliyowekwa katikati, siku yoyote nyingine inafaa. Na kama mzee hataweza kurudi tena kabisa, bora apewe zote kuliko kukosa.

KaraniMapokezi

Mchanjaji kamaliza upande wa sindano. Mimi nizungumzie faili, kwa sababu mialiko inayopotea na inayorudiwa chanzo chake kiko pale.

Tarehe ya 1 Januari. Kompyuta haijui kukadiria, inasoma kilichoandikwa. Wazee wetu wote wa "mosi Januari" hutimiza 75 usiku mmoja wa mwaka mpya, zahanati zimefungwa, na meseji zinaanza kuwafikia wiki ile laini za simu zimeshonana. Usishindane nazo, piga wiki ya pili. Kama umri wa kweli unapishana na pasipoti mwaka mmoja au miwili, kwa chanjo hizi hakuna madhara. Kinachosumbua ni pasipoti kusema hivi na faili la GP kusema vile, maana app ya NHS itakataa kumfungulia akaunti. Peleka pasipoti mapokezi, waombe wasawazishe.

Majina. Mtu anaitwa Fatma Juma Haji. Zahanati ya kwanza imemwandika jina la ukoo Haji, alipohamia mji mwingine wakamwandika Juma. Sasa ana mafaili mawili na namba mbili za NHS, zile za tarakimu 10. Anachanjwa kwenye faili la kwanza, la pili linaendelea kumwalika kama hajawahi kuonekana. Ukiona mialiko haikatiki ingawa mzee amechanjwa zaidi ya mwezi, linganisha namba ya NHS iliyo kwenye barua na iliyo kwenye karatasi za dawa. Zikitofautiana, waambie mapokezi waombe mafaili yaunganishwe. Namba zikiwa sawa, basi barua ilitumwa kabla rekodi ya famasi haijafika, ipuuze.

Anuani na simu. Mzee akihamia kwa mwanawe mwingine, barua zinakwenda nyumba ya zamani. Ikirudi barua moja tu imeandikwa "hakai hapa", faili linaweza kutiwa alama inayoitwa FP69, na kama hakuna aliyethibitisha anuani ndani ya miezi 6, anatolewa kwenye orodha ya GP. Akishatolewa hakuna mwaliko wowote utakaomfikia. Na namba ya simu iliyoko kwenye faili angalia ni ya nani: mara nyingi ni ya mjukuu aliyemsindikiza siku ya kujiandikisha, miaka 6 iliyopita.

Safari, na hapa BintiMakunduchi nisikilize vizuri. Katikati ya Desemba hadi mwisho wa Machi ni zaidi ya miezi 3. Kanuni ni kwamba aliyekaa nje ya Uingereza zaidi ya miezi 3 anaweza kutolewa kwenye orodha ya GP. Akitolewa, akirudi mnajaza fomu ya kujiandikisha upya na faili lake linarudi kwa namba ileile ya NHS, hakuna kilichofutwa. Lakini inachukua muda, na dozi ya pili ya mkanda wa jeshi inaweza kuangukia kwenye pengo hilo. Akiweza kurudi kabla miezi 3 haijatimia, usumbufu wote huu unaisha.

Ruhusa ya wewe kuongea. Mapokezi hawataki kukujibu kwa sababu mgonjwa si wewe, na wako sahihi. Mama akubali kwa mdomo au kwa maandishi, iandikwe kwenye faili kwamba fulani, mwanawe, anaruhusiwa kuulizia miadi na chanjo. Mkitaka uone rekodi yake kwenye app yako, omba fomu ya uwakilishi hapohapo mapokezi. Hiyo haikupi haki ya kumkubalia sindano. Kukubali ni kwake mwenyewe maadamu akili yake inaelewa.

Lugha. Omba iandikwe "mkalimani: Kiswahili" juu ya faili, isiishie kwenye miadi ya siku moja. Mkalimani wa ana kwa ana anahitaji siku kadhaa, wa simu anapatikana papo hapo. Kwa wazee wa Kongo, sema wazi ni Kiswahili cha Kongo. Wanaletewa mtu wa Dar, wanaitikia ndiyo ndiyo kwa adabu na hawajaelewa nusu.

KisimaGlasgow

Wasomaji wa Scotland, msifuate hayo ya kupiga GP. Kwetu GP walishaachana na kazi ya chanjo, bodi za afya za maeneo ndizo zinazochanja, kwenye vituo vyao. Barua ya mzee mara nyingi inakuja na siku, saa na mahali vimeshapangwa. Msipokwenda bila kubadilisha, nafasi imepotea. Kubadilisha ni mtandaoni kwa kutumia maelezo yaliyo kwenye barua ileile au kwa namba ya simu iliyochapwa pale. Kituo kikiwa mbali, usikae kimya, piga uombe cha karibu. RSV huku ilianza mapema kidogo, Agosti 2024. Wales nako, kwa korona, ni bodi za afya zinazoalika.

Mla_Urojo

Hiyo linki ya RSV mmeipita juujuu. Wazee wanaibiwa kupitia hapohapo.

Jina la mtumaji halithibitishi chochote. Meseji za kitaifa za korona zilikuja kwa jina NHSvaccine, na tapeli anaweza kuandika jina hilohilo, meseji yake ikaingia kwenye mazungumzo yaleyale chini ya zile za kweli. Kinachotazamwa ni kinachoombwa. NHS haiombi namba ya kadi, haiombi PIN, haiombi nywila ya benki, haitozi hata senti ya "kuhifadhi nafasi", haitaki picha ya pasipoti kwa meseji. Kikiombwa kimojawapo, mazungumzo yameisha.

Anuani nayo ina mtego wake. Linki za kitaifa ziko kwenye nhs.uk, lakini angalia maneno yanakoishia kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina, siyo yanakoanzia. Kitu kama nhs-uk kikifuatiwa na jina jingine halafu .com si chao. Upande wa pili, GP wengi hutumia kampuni za kutuma meseji zenye anuani zao wenyewe, kwa hiyo linki ya kweli ya GP inaweza kuonekana ya ajabu. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mzee ni mmoja: asibonyeze. Afunge meseji, apige namba ya zahanati iliyoko kwenye boksi lake la dawa au kwenye kadi yake, aulize "mmenitumia?" Dakika 15 za kusikiliza muziki wa simu, lakini hela zake zipo.

Meseji ya kitapeli iitume mbele kwenda 7726, bure. Kama tayari ameshatoa namba ya kadi, piga 159, inaunganisha na benki nyingi za hapa moja kwa moja, kabla hujaanza kumgombeza.

NesiWaJioni

Warfarini si kizuizi. Sindano hizi zinaingia kwenye msuli wa bega, hofu ni damu kuvilia pale. Sharti ni kipimo cha INR, kile cha damu inavyochelewa kuganda, kiwe cha karibuni, kimetulia, na hakijavuka kiwango cha juu alichowekewa. Kwa hiyo aje na kitabu chake cha njano au karatasi ya kipimo cha mwisho. Asiye na kitabu anaweza kuambiwa arudi kesho, siyo kwa ukorofi, ni kwamba mchomaji hana cha kusimamia. Sindano itakuwa nyembamba, geji 23 au 25. Baada ya hapo anagandamiza kwa pamba dakika 2 kamili bila kusugua. Bibi zetu husugua, wamezoea kusugua. Mshikie mkono ikibidi. Na asiache warfarini siku ile eti "damu isimwagike". Aendelee kama kawaida.

Maumivu yakija, parasetamo: vidonge vya 500 mg, kimoja au viwili, hadi mara 4 kwa saa 24, kila mara pawe na saa 4 au zaidi katikati, jumla isizidi 8. Mzee mwembamba aliye chini ya kilo 50 aulize famasi kwanza, dozi yake ni ndogo. Angalieni pia dawa za mafua za unga, nyingi zina parasetamo ndani, mkihesabu vidonge tu mtapitiliza. Ibuprofeni na aspirini asiguse, ana warfarini. Parasetamo ya siku mbili haina shida, ila ikimezwa kila siku kwa wiki nzima hupandisha INR, waarifu wanaompima.

Mafua na korona kwa kawaida ni mkono kuuma siku moja mbili. Shingrix ni nzito zaidi: bega linauma na kuvimba, kichwa, uchovu, baridi ya ghafla, siku 2 hadi 3. Mzee asiyeambiwa mapema anahesabu kwamba amedhuriwa, dozi ya pili haji. Mwambieni mapema, na mumpikie uji siku hiyo.

Nguo: buibui lenye mikono ya kubana lisivaliwe siku hiyo. Chini ya buibui avae blauzi ya mikono mifupi au ya vifungo, bega litoke bila kuvuliwa kitu kingine. Anayetaka achomwe na mwanamke aseme wakati wa kuweka miadi. Akisema mlangoni, pengine zamu ile yuko mwanamume peke yake. Hakuna kufunga tumbo. Mwenye kisukari ale na ameze dawa zake kama siku zote.

Kinachoahirisha ni homa ya siku ile. Kamasi za kawaida na antibayotiki si sababu. Aliyewahi kupata mzio mkali, wa kuvimba koo na kukosa pumzi, aseme kabla hajakaa kitini, hata kama ilikuwa miaka 30 iliyopita hospitali ya Mnazi Mmoja.

Mzee asiyetoka nyumbani kabisa hapelekwi kwa teksi na mateso. GP akijulishwa, manesi wa jamii wanaweza kumfuata nyumbani. Lakini lazima mtu aseme "hatoki". Kompyuta haimwoni amelala.

Ukumbi_wa_Ngambo

Mmeeleza vizuri ila mmepita pembeni ya jambo linalowafanya wazee waufiche huo mwaliko wa mkanda wa jeshi. Huko nyumbani mkanda wa jeshi ulishaungwa na ukimwi. Mwite mzee mbele ya mkwe umwambie "unaitwa kwa ajili ya mkanda wa jeshi", atasema hajambo kabisa, na barua itaishia chini ya godoro.

Namna ya kusema ni hii: ni tetekuwanga. Uliyeugua tetekuwanga utotoni, kirusi hakikutoka mwilini, kililala kwenye mishipa ya fahamu. Kinga ikipungua kwa uzee tu, kinaamka na kufuata mshipa mmoja, ndiyo maana vipele vinakaa upande mmoja kama mkanda. Virusi vya ukimwi ni njia mojawapo ya kudhoofisha kinga, uzee ni njia nyingine, na barua imetumwa kwa sababu ya umri. Jirani yake Mwingereza wa miaka 76 kapata ileile. Hofu kubwa si vipele, ni yale maumivu ya moto yanayobaki miezi baada ya vipele kupona. Aliyewahi kuugua mkanda wenyewe naye anachanjwa, ila asubiri vipele vikauke na apate nafuu.

La nguruwe pia linaulizwa kila mwaka. Chanjo ya zamani ya mkanda, Zostavax, ilikuwa na jelatini ya nguruwe. Shingrix haina. RSV inayotumika huku haina. Sindano ya mafua ya watu wazima haina. Yenye jelatini ni ile ya puani ya watoto, na maneno ya shuleni kuhusu wajukuu ndiyo yaliyohamia kwa bibi. Kuhusu Ramadhani, chama cha madaktari Waislamu wa Uingereza kilieleza wakati wa korona kwamba sindano ya msuli haivunji saumu. Anayeona uzito achomwe baada ya futari, famasi nyingine huwa wazi hadi usiku.

BintiMakunduchi

Ahsanteni, Mungu awazidishie. Nimepanga hivi, nirekebisheni: Jumatano 29 Oktoba mafua na korona famasi, mkono huu na huu. Jumatano 12 Novemba RSV kwa GP. Ijumaa 28 Novemba Shingrix ya kwanza, safari ni 16 Desemba. Ya pili niombe Juni.

NesiWaJioni

Juni iko sawa, ni mwezi wa 7 tangu dozi ya kwanza. Ijumaa ndiyo siipendi. Homa ya Shingrix ikija itamkuta Jumamosi na Jumapili, GP kafunga, mnabaki na 111, simu ya ushauri ya NHS, na foleni yake. Omba Jumanne 25. Na INR apimwe ndani ya wiki moja kabla ya Jumanne hiyo, ile ya Oktoba itakuwa imepitwa.

KaraniMapokezi

Juni usiiombe kwa mdomo. Kalenda ya zahanati nyingi haifunguki mbali hivyo, watakwambia "tutakupigia". Waombe waweke kikumbusho kwenye faili, na wewe andika kwenye simu yako tarehe 26 Mei, maana miezi 6 inatimia tarehe 25 ambayo ni sikukuu, zahanati zimefungwa. Siku hiyo piga mwenyewe.